Kumfunga Paka Uzazi: Swali la Fiqhi kutoka Pwani

Daktari wa mifugo akitangaza katika mji wa Pwani kwamba paka watafungwa uzazi bila malipo, swali la kwanza analoulizwa haliwi la dawa wala la kidonda. Huulizwa kama jambo lenyewe linafaa kisheria. Wapo wanaolicheka swali hilo na kuliita ushamba, na hao hawajui wanachokicheka. Lamu, Mji wa Kale wa Mombasa na Mji Mkongwe wa Unguja zimesomeshwa fiqhi ya Imamu Shafi kwa karne nyingi, na katika madhehebu hayo kauli inayojulikana zaidi kuhusu kumhasi mnyama asiyeliwa ni kwamba ni haramu. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277 na ambaye kitabu chake cha Minhaj kimekuwa nguzo ya darasa za misikitini Pwani, ameieleza katika sherehe yake ya Sahihi ya Muslim: asiyeliwa hahasiwi, awe mdogo au mkubwa, anayeliwa huhasiwa akingali mdogo, na akishakuwa mkubwa haifai tena. Paka haliwi. Basi mama wa Mkomani, Lamu, anayesita kumpeleka paka wake kwa daktari hasiti kwa ujinga. Ana Nawawi nyuma yake, na anayetaka kumshawishi inambidi aanzie kwa Nawawi, asianzie kwa takwimu za Ulaya. Hapa nadai kwamba kwa misingi ya madhehebu hayohayo, kumfunga uzazi paka wa mji wetu wa leo kunafaa, na kwamba mwenye kulikataa jambo hilo kwa jina la huruma hajaangalia vya kutosha kule ambako huruma yake inaishia.

Inaishia sokoni. Katika soko lolote la samaki la Pwani, asubuhi mkata samaki anapong'oa matamvua na kuyatupa chini ya meza, wanaoyawahi ni madume makubwa yenye masikio yaliyochanika kwa ugomvi. Majike yanapata kilichobaki. Nyuma ya makreti wako watoto wa wiki 5 au 6, macho yamegandwa na tongo hadi moja halifunguki, tumbo limejaa minyoo na mgongo umebaki mifupa. Wengine wamezaliwa hapo, wengine wameletwa usiku ndani ya boksi au mfuko wa rambo na watu wema kabisa, watu wasioweza kumuua kiumbe kwa mikono yao, wakijisemea kwamba sokoni hakukosekani chakula. Paka jike hushika mimba akiwa hata na miezi 5, hubeba kwa muda wa wiki 9 hivi, na akishanyonyesha yuko tayari tena. Mwaka 2004 watafiti wa North Carolina, Marekani, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia paka wasio na mwenyewe: katika watoto 169 waliozaliwa, 127 walikufa au walitoweka kabla ya kutimiza miezi 6. Huko wengi katika wale ambao sababu ya kifo chao ilijulikana waliuawa kwa majeraha, ya mbwa na magari. Vichochoro vya Lamu havipitishi gari, lakini vina njaa, mafua ya paka, na wembamba wa njia ambao hufanya ugonjwa wa mmoja uwe wa mtaa mzima. Hesabu ya nchi moja haihamishiki moja kwa moja hadi nyingine. Hata hivyo asiyetembelea soko la samaki ndiye tu atakayedhani kwamba hali yetu ni njema zaidi.

Sasa turudi kwa mafakihi. Hukumu katika fiqhi haining'inii hewani; ina illa, yaani sababu inayoibeba, na illa ikibadilika mwanachuoni hulazimika kutazama upya. Wanachuoni waliokataza kuhasi walitaja mambo matatu: kumtesa mnyama, kukata kizazi, na kubadili umbile la Mungu. Mateso yaliyokuwa mbele ya macho yao yanajulikana. Mnyama alifungwa miguu, akashikwa na watu wawili, korodani zikapondwa au zikakatwa akiwa macho. Hakukuwa na namna nyingine. Kinachofanyika leo kwa daktari mwenye ujuzi ni sindano ya usingizi, kunyolewa sehemu ndogo ya tumbo au ubavu, mpasuo wa sentimita chache, kutolewa mifuko ya mayai na mfuko wa uzazi, kisha nyuzi na dawa ya maumivu. Kwa dume kazi nzima ni dakika chache. Jioni paka anaamka akiyumba, na kesho yake anadai chakula. Mtu anaweza kusema kwamba maumivu hayajaisha kabisa, na ni kweli. Lakini sheria haikuwahi kuharamisha kila maumivu ya mnyama. Iliharamisha maumivu yasiyo na haja. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza kumtia mnyama chapa usoni, na wakati huohuo ngamia wa zaka walitiwa chapa ya moto ili wasipotee. Chapa ya moto inauma kuliko sindano yoyote, na iliruhusiwa kwa sababu ilikuwa na haja.

Hapa ndipo ninapoiona nguvu ya hoja, na nashangaa haisemwi mara nyingi. Nawawi mwenyewe anaruhusu kumhasi mwanambuzi. Kwa nini? Kwa sababu nyama ya beberu aliyehasiwa ni laini na haina kishindo cha harufu. Yaani utamu wa sahani umekubaliwa kuwa maslahi yanayotosha kuhalalisha kisu, tena kisu cha siku zile kisicho na ganzi. Haya, ikiwa ladha ya nyama inatosha, itakuwaje kuzuia watoto wa paka wasife kwa njaa chini ya makreti kusitoshe? Mafakihi wanajua vizuri namna hii ya kupima: kilichoruhusiwa kwa jambo dogo huwa na nafasi zaidi kwa jambo kubwa. Tofauti ya anayeliwa na asiyeliwa ilikuwa na maana palipoaminika kwamba kumhasi asiyeliwa hakuna faida yoyote, kwa hiyo kilichobaki ni mateso matupu. Faida ikionekana, tofauti hiyo inapoteza kilichoisimamisha. Baadhi ya watu huongeza ushahidi wa kondoo wawili waliohasiwa ambao Mtume aliwachinja, kama ilivyo katika riwaya ya Ibn Majah. Mimi siutegemei. Wapinzani husema kwamba kumchinja aliyekwishahasiwa si sawa na kuamuru ahasiwe, na katika hilo wana haki.

Kizito kuliko mateso, kwa watu wengi, ni suala la umbile. Sura ya Nisaa inaeleza ahadi ya Ibilisi kwamba atawaamrisha watu wakate masikio ya mifugo na wabadili alichokiumba Mwenyezi Mungu, na miongoni mwa wafasiri wa mwanzo wapo waliosema kwamba kinachokusudiwa ni kuhasi. Abdallah bin Umar alikuwa akilichukia jambo hilo, na Imamu Malik amelipokea katika Muwatta. Lakini wafasiri hawakukubaliana. Tabari alizipanga kauli zote, kisha akaelemea ile isemayo kwamba kinachobadilishwa ni dini ya Mungu, si kiungo cha mnyama. Na ukitazama kukata masikio kunakotajwa hapo utaona ni desturi ya Waarabu wa Jahilia waliopasua masikio ya ngamia ili kuwaweka wakfu kwa masanamu yao. Ubaya wake ulikuwa katika ibada, haukuwa katika ngozi. Jambo hili lina umuhimu wa pekee kwetu kwa sababu paka wa mtaani akishafanyiwa upasuaji, madaktari hukata ncha ya sikio lake, milimita chache, angali amelala, ili asije akakamatwa na kupasuliwa mara ya pili bure. Nimeisikia hoja kwamba alama hiyo ni Ibilisi aliyetimiza ahadi yake herufi kwa herufi. Kwa mwenye hofu hiyo iko hadithi ya Anas bin Malik, katika Bukhari na Muslim, kwamba alimkuta Mtume akiwatia alama kondoo, na mpokezi anadhani ilitajwa kuwa ni masikioni. Alama ya sikio ilikuwa mikononi mwa Mtume mwenyewe. Ikiwa alama hiyo ni kubadili umbile, basi kumtahiri mtoto na kukata kucha navyo vitaingia.

Pingamizi ninaloliheshimu zaidi limetoka ndani ya nyumba. Izzuddin bin Abdussalam, fakihi mkubwa wa Kishafi aliyefariki Cairo mwaka 1262, ana orodha ya haki za wanyama juu ya binadamu katika kitabu chake cha Qawaid. Ni maandishi ya ajabu kwa karne ile. Mnyama alishwe hata akiwa mzee au mgonjwa asiyefaa kitu tena, asibebeshwe asichokiweza, asiwekwe pamoja na kitakachomdhuru, asichinjiwe watoto wake mbele ya macho yake. Kisha anaongeza kwamba madume na majike wakusanywe pamoja msimu wao unapofika. Yaani kupandana ni haki ya mnyama. Anayetetea kufunga uzazi akiipita haki hii kimyakimya hatakuwa ameitendea haki fiqhi anayoinukuu. Nami nakiri kwamba paka aliyehasiwa amenyimwa kitu. Hata anayesema kwamba paka hajui alichonyimwa anajipa raha ya bure, kwani haki za watoto wadogo nazo hazitegemei kama wanazijua. Ila haki hii iko katika orodha pamoja na nyingine, na kitabu chenyewe, kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, kinafundisha namna ya kupima maslahi na madhara yanapogongana. Jike anayezaa mara tatu kwa mwaka mitaani anapata haki yake ya kupandana na kuzikosa zote zilizobaki. Halishwi, haponywi, amewekwa palipo na vya kumdhuru, na watoto wake wanakufa mbele ya macho yake si kwa kuchinjwa, bali kidogo kidogo. Izzuddin aliandika kwa mwenye mifugo anayeweza kumtenga dume na jike kwa uchoyo au uzembe. Hakuuandikia mtaa wenye paka wasio na mwenyewe, ambao kila nyumba inawapa mabaki na hakuna anayewahesabu.

Yupo atakayesema: mnawanyima watoto haki ya kuzaliwa, na Qurani imewaita wanyama umma mfano wetu. Jibu lake liko kwa Imamu Ghazali, naye ni wa Kishafi. Alipojadili azli, yaani mume kujizuia asimtie mkewe mimba, hakukubali kwamba ni jinai, na alitenganisha waziwazi kati ya kuacha kisitokee na kukishambulia kilichokwisha kutokea. Masahaba walifanya azli wakati Qurani ikiendelea kushuka. Ambaye hajaumbwa hana tumbo la kuumia kwa njaa, hana koo la kulilia, na hakuna mahali anapongojea akilalamika. Ikiwa kwa binadamu, ambaye kizazi chake kina utukufu wake, jambo hilo lina nafasi, basi kwa paka nafasi ni pana zaidi. Kuhusu umma, mantiki yake naiona kinyume na wanavyoitumia. Hadithi inayowaita mbwa umma ilikuja kuzuia wasiuawe wote. Ililinda waliopo, na pia ilikataa aina nzima kufutwa. Hakuna mji duniani uliomaliza paka wake kwa kuwafunga uzazi, wala Lamu haitakuwa wa kwanza. Kazi ikienda vizuri sana, kitakachopatikana ni paka wachache kidogo, walionona kidogo, na panya watakaoendelea kukamatwa, maana paka aliyehasiwa hajasahau kuwinda.

Kuna maneno mengine husemwa barazani, na hayana mwanachuoni nyuma yake ingawa huvishwa kilemba: kila kiumbe amezaliwa na rizki yake, kwa hiyo tusiingilie. Kwamba rizki inatoka kwa Mungu hakuna Mwislamu anayebisha. Lakini rizki ya paka wa mjini inapitia mikono ya watu, na hadithi mashuhuri ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka ilitokana na hapohapo: alimfungia, hakumlisha wala hakumwachia ale wadudu wa ardhini. Lau kusema "rizki iko kwa Mungu" kungekuwa udhuru, mwanamke yule angekuwa nao. Na kama ni kutoingilia, tumeshaingilia zamani. Paka si mnyama wa mwituni aliyetutembelea. Yuko mjini kwa sababu kuna maghala, samaki na mapaa ya makuti. Mtume alieleza kwamba si najisi kwa kuwa ni miongoni mwa wanaozunguka ndani ya nyumba zenu, na kauli hiyo ikawa msingi wa hukumu ya maji aliyoyanywa. Tumechukua wepesi wa hukumu hiyo kwa furaha. Uzito unaokuja na kuishi naye tumeuacha mlangoni.

Kwa wanaopenda kujua wengine walisema nini, nitapita haraka. Mahanafi hawakuwa na shida kubwa: Fatawa Hindiyya, iliyokusanywa India katika karne ya 17, inamtaja paka kwa jina na kusema kwamba kumhasi hakuna ubaya ikiwa kuna faida au kuna dhara linaloondolewa. Na Shekhe Ibn Uthaymin wa Saudia, ambaye hakuna anayeweza kumtuhumu kwa kulegeza dini ili kuwaridhisha Wazungu, aliulizwa kuhusu paka waliozidi akajibu kwamba inafaa, mradi upasuaji hauwadhuru, na kwamba ni bora kuliko kuwaua baada ya kuumbwa. Sizileti fatwa hizi ili Mshafi aruke madhehebu yake kila linapomwelemea jambo. Nazileta kuonyesha kwamba wanachuoni wa njia mbalimbali walipomwona paka aliyezidi, na si paka wa mfano kitabuni, walielekea upande mmoja.

Maneno ya Ibn Uthaymin yanagusa kitu ambacho wapinzani hukiacha nje ya mjadala, nacho ni kwamba kutofunga uzazi hakumaanishi kutofanya lolote. Mji uliojaa wanyama hufika mahali ukachukua hatua, na hatua hiyo mara nyingi ni sumu au bunduki. Mwaka 1910 wakuu wa Istanbul, mji wa Waislamu uliosifika kwa kuwavumilia wanyama wake, walikusanya mbwa kwa makumi ya maelfu wakawatupa katika kisiwa kikavu cha Bahari ya Marmara, wafe kwa njaa na kiu. Vilio vyao, inasimuliwa, vilisikika mjini. Miaka mingi baadaye, mwaka 2004, Uturuki ilitunga sheria ya kuwafunga uzazi, kuwachanja na kuwarudisha walikotolewa. Utekelezaji ulisuasua, mbwa wakaongezeka, watu wakaumwa, na mwaka 2024 Bunge likaibadili ili mbwa wakusanywe makazini na baadhi yao wauawe. Wapo wanaosoma mkasa huo kuwa ushahidi kwamba kufunga uzazi hakufanyi kazi. Mimi nausoma kuwa ushahidi kwamba kufunga uzazi nusunusu hakufanyi kazi, jambo ambalo daktari yeyote wa mifugo atakuambia: ukiwahasi paka 10 katika mtaa wa 100, waliobaki watajaza pengo kabla ya mwaka kwisha. Lazima wafikiwe walio wengi, majike hasa, na kazi irudiwe mwaka hadi mwaka. Kampeni ya wiki moja yenye bango na picha ni sadaka kwa paka wale waliofikiwa. Kwa mji haina athari.

Hapo inaingia fedha, na swali ambalo si la dharau: kwa nini shilingi iende kwa paka wakati zahanati haina dawa ya mtoto? Singemwambia mama mwenye mtoto mgonjwa atoe hata senti kwa paka. Ila fedha za jamii hazikuwahi kuwa kapu moja, na historia yetu ya wakfu inaonyesha hivyo. Sultani Baybars wa Misri, katika karne ya 13, aliacha bustani karibu na msikiti wake nje ya Cairo iwe wakfu wa kuwalisha paka, na Mwingereza Edward Lane, aliyeishi Cairo miaka ya 1830, alikuta kadhi angali anatimiza wajibu huo: kila siku baada ya alasiri chakula kinaletwa uani kwa paka, ingawa bustani yenyewe ilikuwa imekwisha kubadilika. Hakuna aliyemwambia Baybars kwamba amewaibia maskini. Pwani yetu ina wakfu za visima, za misikiti, za vyuo, na tume za kuzisimamia. Mwenye nyumba au duka anayetaka kuacha sadaka ya kudumu anaweza kuandika kwamba sehemu ya kodi yake ilipie upasuaji wa paka wa mtaa kila mwaka, na kadhi atakuwa na wakfu rahisi kuusimamia kuliko ule wa Baybars, kwa kuwa mafanikio yake yanapunguza matumizi yake.

Hoja yangu ina mpaka, na mpaka wenyewe unaonekana mezani. Inasimama juu ya usingizi wa dawa na mkono uliosomea. Kijana mwenye wembe na kamba, hata akiwa na nia safi, amerudi kwenye kile ambacho Nawawi alikikataza, na hukumu ya Nawawi inamhusu neno kwa neno. Inasimama pia juu ya azli, yaani juu ya kisichokuwepo bado. Mara nyingi daktari humpasua jike wa mtaani akakuta mimba, pengine ya wiki 7, na katika kampeni za haraka kila kitu hutolewa kwa pamoja. Hapo Ghazali hatusaidii tena, maana kilichomo tayari kimeanza, na mpaka alioupiga yeye ni huohuo. Wako madaktari watakaosema kwamba paka huyo hatakamatika mara ya pili, na hilo nalo lina uzito. Hata hivyo, kwa jike wa nyumbani, ambaye anajulikana mlango anaolala, sioni ruhusa ya haraka hiyo: apapaswe tumbo kabla ya sindano, akiwa na mimba iliyoendelea arudishwe azae, anyonyeshe, na aletwe tena watoto wakishaanza kula wenyewe.